Mto Rhine Twaujua, Msimbazi Je?

Nimefundisha jiografia miaka mingi katika shule za Kinondoni na Temeke, na liko jambo moja ambalo sitalinyamazia. Watoto wetu wanafundishwa maisha ya binadamu kwa picha za watu wa mbali. Ukutani mwa darasa utakuta mashamba ya ngano ya Kanada, viwanda vya Ruhr, na matishari yakipita katika Mto Rhine. Nje ya dirisha, hatua chache tu, yupo mama lishe na sufuria zake, lipo toroli la maji, zipo nyumba zilizobanana hata gari la zimamoto halipiti. Hayo hayana picha. Basi mwanafunzi ajifunze nini, ila kwamba jiografia ni mambo ya kwa watu, na kwamba kwao si mahali?

Najua nitakavyojibiwa: mtoto lazima aijue dunia. Naam, aijue. Lakini ataielewaje ya mbali asiyeizoea kuitazama ya karibu? Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Katika sekondari jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa somo hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto anayekwamishwa na lugha angeokolewa na picha. Ukimpa picha ya kitu ambacho hajapata kukiona, yenye maelezo ya lugha asiyoimudu, umemfungia milango miwili kwa pamoja. Kisha unamshangaa anapokariri.

Na utajiri tunaouacha si haba. Wataka kufundisha makazi? Piga picha Manzese, kisha tembea kwa miguu hadi Sinza upige nyingine. Miaka ya 1970, mradi wa viwanja uliopata mkopo wa Benki ya Dunia ulipima viwanja vipya Sinza, ilhali Manzese ulipeleka huduma katikati ya nyumba zilizokwisha jengwa. Picha hizo mbili zikikaa sambamba, mtoto ataona mwenyewe mpango wa serikali unavyobadilisha mtaa. Wataka usafirishaji? Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, inaanzia hapa hapa. Wataka ongezeko la watu? Sensa ya 1988 iliwahesabu watu wapatao milioni 1.36 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ile ya 2022 iliwahesabu milioni 5.38. Mtoto wa Mbagala hahitaji kuambiwa wamekwenda kuishi wapi. Anahitaji kuonyeshwa jinsi ya kulichora jambo analoliona kila siku.

Wala usidhani nagombania mtihani tu. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, watu wakafa, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Waliojenga bondeni hawakuwa wajinga; wengi walifuata kiwanja cha bei nafuu kilicho karibu na kazi. Hiyo ndiyo jiografia ya binadamu: kwa nini watu hukaa pale wanapokaa, na kwa gharama gani. Mwanafunzi aliyelichora bonde lile kwa mkono wake, akaweka alama mahali maji yalipofika, kesho akitaka kununua kiwanja atauliza swali ambalo picha ya Rhine haitamfundisha kamwe.

Wengine watasingizia fedha. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa walizunguka kata zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mitaro, vichochoro na majengo. Kazi yao imewekwa wazi, yeyote aichukue bila malipo. Na hata bila hiyo, karatasi ya manila, kalamu za rangi na mchana mmoja wa kutembea na wanafunzi vyatosha kuanzia. Kinachopungua ni imani kwamba Tandale inastahili kutundikwa ukutani.

Kwa hiyo nawadai wachapishaji, wathibiti ubora na walimu wenzangu jambo moja. Kila darasa la jiografia liwe na ramani na picha za kata yake, zilizotengenezwa na wanafunzi wake, kabla ya kutundika Ruhr. Mgeni akiingia na kuuliza hapa ni wapi, mtoto yeyote aweze kunyoosha kidole na kumweleza.