Kafuta herufi, mashine imefuta nusu

Wadau, leo sina habari ya bumu wala foleni ya kantini. Leo nina hasira na sheli. Siyo ile ya mafuta pale njia panda, nasema sheli ya kwenye kompyuta, kile kidirisha cheusi tunachoandikia amri maabara.

Mwenzangu wa chumbani ni Mrundi, tumwite Désiré. Wiki iliyopita asaimenti ilitaka kila mtu atengeneze folda kwenye seva, yenye jina lake kama lilivyo kwenye orodha ya darasa, halafu usiku programu ipite kukusanya kazi. Jamaa akaandika mkdir na jina lake, akaruka r, ikawa Désié. Akabonyeza kitufe cha kufutia mara moja, é ya mwisho ikapotea, akaandika ré, akapiga Enter. Kwenye kioo jina limekaa safi kabisa. Asubuhi matokeo yanatoka: hajakabidhi kazi. Sifuri!

Kaenda kulalamika, kaambiwa, "Hivyo vialama vyako ndiyo tatizo, we andika e za kawaida." Hapo ndipo nilipopandisha.

Jamani, kialama hakina kosa. Tangu Ken Thompson na Rob Pike walipobuni UTF-8 mwaka 1992, herufi zinazotumika kwenye Kiingereza zinakaa kwenye baiti moja moja, na é inakaa kwenye mbili, C3 na A9. Désiré ni herufi 6, baiti 8. Sasa maabara yetu ukiingia unapewa sh, sheli nyepesi ambayo haina kihariri chake cha mstari. Kazi ya kufuta inaiachia keneli ya Linux. Na keneli usipoiambia kwamba unaandika UTF-8, inahesabu baiti moja ni herufi moja. Ukifuta inatoa A9, inarudisha kasa nafasi moja nyuma, inapaka nafasi tupu. Wewe unaona é imeondoka. C3 bado imelala pale pale! Ukiandika ré inafuata nyuma yake. Folda ya jamaa ilikuwa na baiti 9, ndiyo maana programu ilipotafuta ile ya baiti 8 haikuona kitu. Mimi nilipopiga ls nikakuta alama ya kuuliza katikati ya jina la mtu: Dési?ré. Nikailenga kwa D* ndiyo nikaweza kuibadilisha jina.

Utasema basi angefuta mara mbili. Sawa, jaribu. Baiti zote mbili zitaondoka, lakini kioo kitarudi nafasi mbili na kukuonyesha kwamba umekula na i, wakati i ipo. Ukiiandika tena unapata i mbili. Yaani ukifuata macho unakosea, na usipoyafuata unakuwa unaandika gizani. Mtu gani anaandika jina lake hivyo?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo siku nyingi. Linux ilipata swichi ya jambo hili mwaka 2004, inaitwa iutf8. Ikiwashwa, keneli inafuta herufi nzima. Tatizo lilibaki kwa wanaoingia seva kutoka mbali, kwa sababu SSH haikuwa ikiipitisha hiyo swichi. OpenSSH wakaongeza mwaka 2016, toleo la 7.3. Seva yetu ni ya kabla ya hapo. Bash yenyewe ina kihariri chake na inafuta vizuri, ilimradi lokali imewekwa ya UTF-8. Ukiiacha kwenye lokali ya C, nayo inarudi kuhesabu baiti.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina vialama kwa hiyo hayatuhusu. Mdau, hebu piga mkdir ng'ombe uone. Sheli itakukodolea alama ya > ikisubiri ufunge nukuu ambayo hukuifungua. (Hilo ni kosa la aina nyingine, najua, lakini lina ukoo mmoja na hili.) Na majirani je? Dada mmoja wa darasani anaandika Kikuyu, lugha yenye irabu saba. Ĩ na i ni irabu mbili tofauti, ũ na u vilevile. Kumwambia atoe kile kiwimbi ni sawa na kukwambia wewe uandike o na u kwa herufi moja, halafu msomaji abahatishe. Na ũ yake nayo ni baiti mbili, ukiifuta inaacha mzimu kama kawaida.

Sasa kwenu mnaoshika nywila ya seva. Fungueni /etc/profile, ongezeni mstari mmoja: stty iutf8. Nilijaribu kwenye akaunti yangu juzi, nikaandika é kumi na kuzifuta kumi, haikubaki hata baiti. Haihitaji bajeti wala kikao.

Désiré amekubaliwa kukabidhi upya ifikapo Ijumaa, ila kwa alama pungufu. Jana nimemkuta anajaza fomu ya maktaba, ameandika Desire. Nikamuuliza mbona hivyo, akasema, "Kaka, nimechoka."

Nakimbilia lekcha ya saa nne.