Nani Atabonyeza Kwanza?

Katika kila nyumba yenye runinga kuna bingwa mmoja wa chemsha bongo ambaye hajawahi kushindwa. Hukaa kwenye kochi, kikombe cha chai mkononi, na kila swali linapoulizwa hutoa jibu papo hapo. Akipata, utamsikia: "Si nilisema!" Akikosa, hudai kwamba swali lenyewe lilikuwa na kasoro. Mara nyingi bingwa huyo ni baba mwenye nyumba. Laiti angewekwa mbele ya kamera, akapewa kitufe na kuambiwa kwamba wenzake watatu wanategemea kidole chake, tungemjua vizuri zaidi.

Wengi wenu mnayakumbuka mashindano ya vyuo vikuu yaliyoanza mwaka 2007 kwa jina la Celtel Africa Challenge, yakawa Zain Africa Challenge baada ya kampuni kubadilisha jina mwaka 2008. Mwendesha kipindi alikuwa John Sibi-Okumu, yule mwigizaji aliyewahi pia kuwa mwalimu wa Kifaransa. Walianza wanafunzi wa Kenya, Uganda na Tanzania, kisha wakaja wa nchi nyingine, Malawi na Zambia hadi Ghana na Nigeria. Mwaka 2010 mtandao huo wa simu ukauzwa kwa Bharti Airtel ya India, nayo mashindano yakatoweka kwenye runinga zetu. Mimi bado nayalilia.

Mtindo wenyewe haukubuniwa huku kwetu. Ulitoka Marekani, kwenye kipindi cha College Bowl kilichoanza redioni mwaka 1953 na kuingia katika runinga mwaka 1959. Waingereza waliuchukua mwaka 1962, wakauita University Challenge, na hadi leo wanao. Wanafunzi wanne huketi upande huu na wanne upande ule, kila mmoja na kitufe chake, na yeyote anaruhusiwa kukibonyeza hata kabla swali halijamalizika kusomwa.

Hapo ndipo penye utamu, na hapo ndipo penye sumu.

Hebu tuzitazame sheria za Waingereza. Swali la kugombea lina pointi 10. Ukilipata, timu yako hupewa maswali matatu ya ziada, kila moja pointi 5, kwa hivyo kidole kimoja chaweza kuleta pointi 25. Lakini ukibonyeza swali likiwa katikati na ukakosea, mnakatwa pointi 5, kisha wapinzani wanasomewa swali zima kwa raha zao. Wakilipata pamoja na yale ya ziada, tofauti imekuwa pointi 30 kwa sababu ya pupa ya mtu mmoja. Katika hatua ya makundi unaweza kuteleza leo ukasimama kesho. Katika muondoano unafunga mizigo usiku huo huo.

Chukua mfano wa hapa hapa nyumbani. Tuseme mwulizaji anaanza: "Mkenya huyu alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji..." Mtoto yeyote wa Eldoret mkono utamwasha. Lakini abonyeze amtaje nani? Yuko Amos Biwott wa mwaka 1968, yuko Julius Korir wa mwaka 1984, yuko Ezekiel Kemboi aliyeshinda mara mbili, mwaka 2004 na 2012, na hapo sijamaliza hata nusu ya orodha. Sasa mwulizaji aongeze neno moja tu: "...mjini Munich..." Basi! Munich ilikuwa mwaka 1972, na jibu ni Kipchoge Keino. Anayengoja aambiwe pia kwamba mtu huyo alishinda mita 1,500 Mexico City mwaka 1968, na kwamba uwanja wa michezo jijini Eldoret una jina lake, atakuwa amechelewa. (Tuzoee kusema jijini, maana hadhi hiyo tulipewa Agosti 2024.) Kati ya pupa na kuchelewa kuna neno moja.

Pambano linalosimuliwa sana na wapenzi wa mchezo huu lilifanyika Marekani siku ya Jumapili, Machi 6, 1966. Katika College Bowl mshindi alirudi wiki iliyofuata, aliyeshindwa akaenda zake nyumbani. Upande mmoja waliketi wasichana wanne wa Agnes Scott, chuo kidogo cha wanawake katika mji wa Decatur, jimbo la Georgia. Upande wa pili ilikuwa Princeton, chuo kilichoanzishwa mwaka 1746, ambacho wakati huo kilikuwa bado hakijafungulia wasichana milango ya shahada ya kwanza. Kiliifungua mwaka 1969. Nadhani hata wewe ungeweka shilingi yako kwa Princeton.

Walifukuzana mpaka muda ukayoyoma. Katika sekunde ya mwisho, kitufe kilibonyezwa na Karen Gearreald wa Agnes Scott, akatoa jibu, na likawa sahihi. Agnes Scott 220, Princeton 215.

Karen alikuwa haoni. Wenzake wangeweza kuitupia saa jicho, wangeweza kuwatazama wapinzani kama vidole vyao vimeanza kucheza. Yeye alikuwa na masikio tu na swali. Hizo pointi 5 walizoshinda nazo, kwa sheria za Waingereza, ni faini ya kukurupuka mara moja! Watu wa huku tunaelewa hesabu za namna hiyo. Tulimwona Paul Tergat mjini Sydney mwaka 2000, mita 10,000 nzima, akipitwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia kwa sekunde 0.09.

Lakini katika mbio hakuna anayemcheka wa pili. Katika chemsha bongo tunacheka, na hili ndilo linalonikera.

Mwaka 2009, nilipokuwa nikisomea uanahabari, nilikaribishwa kutazama mashindano hayo ya vyuo katika nyumba moja mtaani Langas. Sebule ilijaa: mama mwenye nyumba, nyanya, majirani wawili, na binti wa kidato cha pili aliyekuwa ameketi sakafuni karibu na runinga. Timu mbili zilikuwa zimeshikana koo, hakuna aliyekuwa akipumua. Swali likaanza kusomwa, binti akapaza sauti na kutoa jibu. Likawa siyo. Nyumba nzima iliangua kicheko, na jirani mmoja akamwita "profesa" kwa namna ambayo hakuna profesa angependa kuitwa. Binti akacheka pia, kama watoto wanavyocheka wakitaka mambo yaishe.

Maswali yaliyofuata hakusema neno. Baadaye tulikuwa sote jikoni tukiosha vikombe, nikamwuliza kama lile swali la mwisho, lililoamua mshindi, alikuwa analijua. Akasema, "Nilikuwa nalijua." Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akaendelea kusuuza vikombe. Nyanya ndiye aliyejibu kwa niaba yake, kutoka mlangoni: "Si mlimnyamazisha?"

Mzazi mwenzangu, nakuomba utazame jinsi tunavyowalea watoto wetu katika jambo hili. Shuleni huambiwa wangoje mwalimu amalize, wanyoshe mkono, wawe na hakika kwanza. Mezani huambiwa wasidakie maneno ya wakubwa. Ni adabu njema, siipingi. Kisha siku moja tunawaketisha mbele ya kitufe, au mbele ya watu wa kuwahoji kwa ajili ya kazi, na tunashangaa kwamba wanangoja mpaka mwingine ajibu. Kujua jibu walijua. Walichokosa ni mahali pa kukosea bila kuitwa profesa.

Basi Jumapili hii ya leo, mkishakula, toa sufuria mbili na vijiko viwili. Gawa nyumba pande mbili, na baba asiwekwe upande mmoja na yule mwanafunzi hodari. Atakayegonga sufuria kwanza ndiye atakayejibu. Akikosea akiwa amekatiza swali, katwa pointi 5 zake bila huruma, lakini atakayecheka akatwe 10. Nimeijaribu sheria hiyo, na nakuhakikishia baba ndiye hukatwa zaidi.

Swali la kwanza nakupa mimi. Lisome polepole kwa sauti, na uangalie ni kwa neno gani sufuria italia: "Mwanariadha huyu wa Kenya alikuwa na umri wa miaka 18 alipokuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yake kunyakua dhahabu ya Olimpiki, mjini Beijing, mwaka 2008, katika mbio za mita 800..."