KANDARASI YA BARABARA: NANI AMSIMAMIE MSIMAMIZI?

Ndugu Wanachama,

Hapana neno lipendwalo na wakubwa wa Serikali kama neno "usimamizi". Barabara ikifunguliwa husemwa kuwa itasimamiwa. Barabara ikiharibika husemwa kuwa usimamizi utaongezwa. Nasi tulioko chini twasikia, twapiga makofi, kisha masika yakiingia twabaki tukitazamana. Leo twataka kulichukua neno hilo tulitie katika mizani, tulipime uzito wake, kama mwenye duka apimavyo gunia aliloletewa kabla ya kulipa.

Huenda mmoja wenu akauliza: "Sisi ni watu wa Songo Songo, wa Kisiwani na wa Songo Mnara, njia yetu ni bahari na chombo chetu ni mashua. Barabara ya bara yatuhusu nini?" Ndugu zangu, yatuhusu, tena sana.

Kwanza, sisi ni walipaji. Ushuru wa Mfuko wa Barabara hutozwa katika kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 juu ya kila lita, ikatangazwa wazi kwamba nyongeza hiyo ni kwa barabara za vijijini. Mvuvi wa Songo Songo atiaye petroli katika mashine ya mashua yake hulipa ushuru uleule alipao mwenye lori, ilhali mashine yake haijakanyaga barabara tangu ilipotengenezwa. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza kilichonunuliwa.

Pili, mgonjwa wetu akishateremka pwani hana bahari tena ya kumpeleka mbele. Mama mwenye uchungu hushushwa Masoko, akachukuliwa kwa barabara mpaka hospitali ya Kinyonga huko Kivinje. Na likizidi jambo, hupelekwa Lindi. Kalavati likiwa limezolewa na maji, bahari tulivu tuliyoivuka haina faida.

Tatu, samaki na pweza wetu hawangoji kikao. Barafu huyeyuka kwa saa zake. Lori likisimama siku tatu kwenye tope, hasara haimfiki mhandisi aliyeitia saini kazi ile. Humfika mvuvi aliyekwisha kukopa mafuta na nyavu.

Basi na tuingie katika jambo lenyewe.

Barabara zetu zina mabwana wawili. Barabara kuu na za mkoa zi chini ya TANROADS, iliyoanza kazi mwaka 2000. Barabara za wilaya zi chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na ambayo iko chini ya TAMISEMI. Wakala hizi hazichongi barabara kwa mikono yao, bali hutoa kandarasi. Mkandarasi huleta greda, humwaga kifusi, hushindilia, huchimba mitaro, huweka makalavati. Mhandisi wa Serikali hupima, huandika hati, na kwa hati hiyo mkandarasi hulipwa. Utaratibu wenyewe si mbaya. Ubaya uko katika pale mhandisi anapopima peke yake, anapoandika peke yake, na karatasi ikenda ofisini bila ya mtu mmoja wa kijiji kujua kilichoandikwa ndani yake.

Twauliza: mtu wa Matumbi au wa Liwale atajuaje kama kifusi kilichomwagwa ni kimo kilichoandikwa katika kandarasi, naye hajaoneshwa kandarasi? Atajuaje kama makalavati yalikuwa matano yakatiwa matatu? Humwona mtu mwenye kofia ya plastiki akipita na gari, akishuka, akipiga picha, akapanda tena. Huo ndio usimamizi aujuao.

Zamani barabara za wilaya zilikuwa mikononi mwa Halmashauri, na diwani aliweza kumwita mhandisi wa Halmashauri akamhoji mbele ya wenzake. Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa za asali, kwani wizi ulikuwapo. Lakini tangu mwaka 2017 bwana wa mhandisi yuko juu, na diwani amebaki mwenye kuuliza, si mwenye kuamua. Ipo Bodi ya Barabara ya Mkoa, nayo huongozwa na Mkuu wa Mkoa, ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote wa Kilwa. Wabunge huingia humo. Mwanakijiji ambaye lori hulala mlangoni pake hana kiti.

Tutaambiwa: "Yuko Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu." Kweli yuko, na Katiba yenyewe imemweka, nasi twamheshimu. Lakini tazameni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali hukoma tarehe 30 Juni. Taarifa ya Mkaguzi hufika kwa Rais mwishoni mwa Machi unaofuata, kisha hupelekwa Bungeni. Baina ya Juni na Machi ni miezi tisa. Ndani ya miezi hiyo mvua imekwisha kushuka juu ya kifusi kile, na ushahidi umekwenda baharini pamoja na udongo. Mkaguzi huzikuta karatasi, barabara haikuti. Na karatasi, ndugu zangu, hazinyeshewi.

Sasa natutazame Somanga.

Wazee wetu walijua barabara ya kusini ilikuwa nini. Watu walilala Ndundu wakingoja pantoni ya Rufiji, mpaka lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003. Zikabaki kilomita 60 za baina ya Ndundu na Somanga, nazo zilichukua miaka mingi kupita ahadi zake kabla ya kupata lami. Tukashukuru, tukasema safari imekwisha kuwa nyepesi. Mwezi wa Mei 2024 ikaja tufani iliyoitwa Hidaya. Mvua ikanyesha, maji yakashuka, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika mahali kadha wa kadha katika upande wa Somanga. Mikoa ya Lindi na Mtwara ikawa kama kisiwa. Aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati huo, Bwana Innocent Bashungwa, akaja akapiga kambi papo hapo mpaka magari yakapita. Tulimsifu, wala hatutaki kuirudisha sifa yetu.

Lakini mwezi wa Aprili 2025, usiotimia hata mwaka mmoja, Somanga pakakatika tena. Waziri alikuwa mwingine, Bwana Abdallah Ulega. Naye akaja, naye akakesha. Twauliza kwa adabu: je, huu ndio mwendo wetu? Kila masika Waziri mmoja na kambi moja? Waziri hakuwekwa kuwa mlinzi wa kalavati. Akifika yeye na viatu vya mpira, maana yake wote walio chini yake, kuanzia mpimaji hadi meneja, walikuwa hawakutazama mapema. Kambi ya Waziri ni dawa ya ajali. Usimamizi ni kinga. Na wahenga walikwisha kutuambia kuhusu ufa na ukuta.

Wako wenye kuitetea Serikali kwa hoja tatu, nasi hatutaki kuzikimbia.

Husema: mvua ni kudura ya Mwenyezi Mungu. Twakubali. Hapana azuiaye tufani. Lakini upana wa daraja si kudura, ni hesabu ya mhandisi. Mtaro uliojaa mchanga na magogo si kudura, ni kazi iliyolipiwa isifanywe. Mwenye kumsingizia Mola uvivu wa binaadamu hakosi siasa tu, hukosa na adabu.

Husema tena: fedha hazitoshi. Hilo nalo ni kweli, mkoa ni mpana na watu ni wachache. Barabara ya Nangurukuru hadi Liwale peke yake ni safari ndefu ya vumbi kiangazi na tope masika. Lakini ni nani aliye na akili asemaye kwamba fedha ikiwa chache ndipo isihesabiwe? Mwenye duka aliye na shehena ndogo ndiye afungaye mlango kwa kufuli mbili.

Husema mara ya tatu: wakandarasi ni wabovu. Hapa twataka insafu. Wamo waovu. Lakini wamo pia waliomaliza kazi, wakapimwa, wakapewa hati, kisha wakangoja malipo hata wakauza mitambo yao. Mkandarasi ajuaye kwamba atalipwa kwa kuchelewa huiba mapema. Hupunguza kifusi leo kwa ajili ya deni la kesho. Basi Serikali isiyolipa kwa wakati haina uso wa kumkaripia aliyepunja. Usimamizi wa haki humbana mkandarasi na humbana mlipaji vilevile.

Kumbukeni nasaba ya ardhi hii. Ni huku kwetu, katika vilima vya Matumbi, ambako mwaka 1905 watu walikataa kulimishwa pamba ya Mdachi, na Samanga hiyohiyo ikawa miongoni mwa mahali pa mwanzo kushambuliwa. Siku zile raia alisimamiwa na akida mwenye kiboko mkononi. Kiboko kimeondoka, alhamdulillahi. Lakini desturi moja imebaki: macho hutoka juu kutazama chini, wala hayatoki chini kutazama juu. Na gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, hupanda nchi kavu palepale Somanga kuelekea Dar es Salaam. Bomba lina walinzi wake na wapimaji wake mwaka mzima. Barabara ya watu, iliyo jirani yake, hungoja ikatike ndipo ipate mgeni.

Basi madai yetu ni haya, na hayahitaji fedha ya mkopo wa nje:

La kwanza, kila kandarasi ya matengenezo ibandikwe kwa Kiswahili katika ofisi ya kijiji ambamo barabara hupita: jina la mkandarasi, urefu, kimo cha kifusi, idadi ya makalavati, tarehe na kiasi cha fedha. 

La pili, mkutano mkuu wa kijiji uchague watu wawili, wasiwe wa ofisi wala wa chama chochote, wahudhurie vipimo pamoja na mhandisi na waweke saini zao. Pasipo saini hizo, hati isilipwe.

La tatu, sehemu ya fedha izuiliwe mpaka kazi iwe imepitiwa na masika moja kamili. Masika ndiye mkaguzi asiyepokea rushwa.

La nne, kazi ikiwa sahihi, mkandarasi alipwe kwa siku zilizoandikwa. Na Serikali ikichelewa, itangaze sababu kama inavyotangaza uzinduzi.

Nanyi, wanachama, msikae mkingoja. Tangu mwaka 2016 iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Kila tawi litume barua kuomba kandarasi ya barabara yake, na kila tawi lifungue daftari: greda limefika lini, limeondoka lini, malori mangapi ya kifusi, kalavati gani limeziba. Msitukane mtu, wala msizue. Andikeni mlichokiona kwa macho. Siku ya kusimama mbele ya Meneja au Mkuu wa Mkoa, daftari la kweli lina nguvu kuliko kelele za watu elfu.

Mali ya umma ni amana, na amana haihifadhiwi kwa hotuba. Huhesabiwa mbele ya mwenyewe. Na mwenyewe wa barabara hii ni ninyi.

Wenu katika kupigania haki,
MWENYE DUKA, VISIWA VYA KILWA