Kidole Kimoja, Nyuzi Sita

Magitaa mengi yaliyonunuliwa kwa jasho hutundikwa ukutani mwanafunzi afikapo mshiko wa F. Hapo kidole cha shahada hulazwa juu ya nyuzi zote sita katika nafasi ya kwanza, jirani na kichwa cha gitaa. Nyuzi zikikataa kulia, kijana hudhani mkono wake ni dhaifu.

Sivyo. Nafasi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Basi aanzie ya tano. Kidole akilaze kiubavu, upande wenye mfupa, karibu kabisa na kichuma. Dole gumba likae nyuma ya shingo ya gitaa, na uzito wa mkono usaidie kuvuta. Apige uzi mmoja mmoja, ajue upi umenyamaza. Dakika tano kila jioni zatosha. Kiganja kikiuma, apumzike.

Malipo yake ni makubwa. Umbo lile lile la F likisogezwa nafasi ya tatu huwa G, na ya tano huwa A. Wazazi nao wazivumilie kelele hizo: mwanzo wa ngoma ni lele.