Kuchemsha maji hakuondoi metali

Mkoani Geita, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kukamata dhahabu kwa miaka mingi. Mvua ikisomba mabaki ya uchenjuaji, sumu hiyo huweza kufika kwenye mito na visima vinavyotegemewa na wakulima. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini iliyokwisha kumwagika haiondolewi na mkataba.

Wengi huamini maji yakichemka yako salama. Kuchemsha huua vijidudu tu. Metali kama risasi hubaki, tena hukolea kadiri maji yanavyopungua sufuriani.

Njia za kuziondoa zipo. Mojawapo ni udongo wa mfinyanzi uliotibiwa kwa asidi au chumvi maalumu ili uongeze uwezo wake wa kunasa metali. Nyingine ni utando wa polima wenye vitundu vidogo mno. Utando huchuja vizuri zaidi, lakini maji lazima yasukumwe kwa pampu, na hapo umeme na fedha huhitajika.

Kwa vijiji vingi, udongo ndio wa kuanzia. Hata hivyo, lazima wataalamu waujaribu kwanza kwa maji ya eneo husika. Ukishajaa metali ubadilishwe, wala usitupwe shambani, kwani sumu bado imo.

Halmashauri zianze kwa kupima visima na kutangaza matokeo. Mkulima asiyejua kilichomo kisimani mwake hawezi kuchagua kichujio, na mnunuzi wa mchicha wake hajui anachokula.