Vipimo Safi, Mwili Mgonjwa

Mgonjwa anayeambiwa “huna kitu” huku miguu ikimlegea hurudi nyumbani na mizigo miwili: uchovu na aibu ya kudhaniwa mwongo. Hili si haki. Kipimo hujibu swali moja tu, lile kililoulizwa. Mwanamke asiye mjamzito mwenye hemoglobini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa hana upungufu wa damu. Lakini akiba yake ya madini ya chuma, inayopimwa kwa feritini, yaweza kuwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita, na uchovu wake ukawa wa kweli. Madaktari, msikilizeni mgonjwa kabla ya kufunga faili. Nawe mgonjwa, usinunue dawa kwa kubahatisha: rudi, eleza dalili zako, uliza nini hakijapimwa.