Usinunue Kamera kwa Tarakimu

Msomaji, ukipita leo katika Luthuli Avenue mjini Nairobi, au katika mtaa wowote wa nchi hii ambamo vyombo vya umeme huuzwa, utaona neno moja limeandikwa kwa wino mnene juu ya makasha ya kamera na ya simu: megapikseli. Mbele ya neno hilo pana tarakimu. Kasha hili lasema 20, la pili lasema 48, la tatu 108, na siku hizi yapo yasemayo 200. Mchuuzi hukuonyesha tarakimu hiyo kwa kidole kabla hajakuonyesha kamera yenyewe. Na mnunuzi, ambaye tangu darasa la kwanza amefundishwa kwamba alama 80 ni bora kuliko alama 40, hufungua mkoba wake bila ya swali la pili. Nataka kukuambia kwa maneno yasiyo na pazia kwamba tarakimu hiyo, jinsi inavyotumiwa katika biashara, ni ulaghai. Na kwamba mtu atakaye kamera ya kupigia picha za kila siku, akiichagua kwa kipimo hicho, hupoteza fedha, na pamoja na fedha hupoteza picha.

Kwanza neno lenyewe. Picha ya dijitali haikuenea kama rangi iliyopakwa ukutani. Ni vitone vingi mno vilivyopangwa safu kwa safu, mithili ya shanga katika ukosi mpana wa Kimaasai, kila kimoja na rangi yake. Kitone kimoja huitwa pikseli, na pikseli milioni moja ndiyo megapikseli. Hapo hapana uongo. Uongo huanza pale mtu anapoambiwa kwamba wingi wa shanga ndio urembo, asiulize shanga hizo ni za namna gani wala zimetungwa na nani.

Tuhesabu pamoja, maana hesabu ni ngao ya mnyonge sokoni. Picha ya kawaida tunayosafishiwa studioni na kuitia katika albamu ina upana wa inchi 4 na urefu wa inchi 6. Ili ionekane safi mkononi, vitone 300 katika kila inchi vyatosha. Yaani vitone 1,200 upande mmoja na 1,800 upande wa pili. Zidisha. Utapata vitone 2,160,000, ambavyo ni megapikseli mbili na kitu kidogo. Picha iliyo sawa na karatasi ya A4 huhitaji kama megapikseli 9, na wengi wetu hatujapata kusafisha picha ya ukubwa huo. Televisheni iitwayo HD kamili ina vitone 1,920 kwa 1,080, ambavyo navyo havizidi milioni mbili na laki moja. Basi wewe unayepiga picha ili uitazame katika simu, uwapelekee jamaa walio mbali, na usafishe chache za kuning'iniza sebuleni, megapikseli 108 ni za nini? Ni sawa na kumuuzia mwenye punda mmoja shehena ya nyasi ya kulisha kundi la ngamia.

Tena tarakimu yenyewe huonekana ndefu kuliko kimo chake. Vitone hujaza picha kwa upana na kwa urefu pia, kwa hiyo ukitoka megapikseli 12 kwenda 48, hukupata ubayana mara nne. Umepata mara mbili, na hiyo ni ikiwa lenzi ni safi kiasi cha kustahili. Na yako mambo ya kuchekesha zaidi. Simu ya Samsung iitwayo Galaxy S20 Ultra, iliyotoka mwaka 2020, ilitangazwa kwa megapikseli zake 108. Lakini aliyepiga picha kwa namna ya kawaida alipata picha ya megapikseli 12, kwa sababu chombo kilivikusanya vitone tisa vikawa kimoja. Sisemi kwamba mafundi walikosea. Walifanya kwa akili, maana walijua kwamba kitone kimoja kilichokuwa kidogo mno hakipokei nuru ya kutosha. Fundi alijua 12 zatosha. Mwenye kuandika tangazo akaandika 108.

Sitaki kuidhulumu tarakimu. Ilikuwa na haki yake zamani. Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alipounda kamera ya dijitali ya kwanza mwaka 1975, picha yake ilikuwa na vitone 10,000 tu, na kila picha ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Mtu wa wakati ule aliyeomba vitone zaidi aliomba jambo la maana. Lakini mwaka 1999 Nikon ilitoa kamera ya D1, isiyofika megapikseli tatu, na wapiga picha wa magazeti wakaibeba kazini. Shibe ilipatikana zamani sana. Tunaendelea kupakuliwa kwa sababu mpakuzi hulipwa kwa sahani.

Ikiwa si tarakimu hiyo, basi kipimo ni nini? Kipimo ni nuru. Nyuma ya lenzi kuna kibamba kidogo kiitwacho kihisi, na kazi yake ni kupokea nuru kama vile chombo kilichotegwa uani kinavyopokea maji ya mvua. Mvua ni ile ile, ila aliyetega karai hupata maji kuliko aliyetega kikombe. Katika kamera kubwa za mafundi, kihisi huwa na milimita 36 kwa 24. Katika kamera nyingi ndogo za bei ya chini, huwa na milimita 6.2 kwa 4.6, nacho ni kama sehemu moja ya thelathini ya kile cha kwanza. Gawa kibamba hicho kidogo katika vyumba milioni ishirini, na kila chumba kitapata tone la nuru lisilolowesha hata sakafu. Matokeo yake wayajua: picha ya jioni iliyojaa chenga kama televisheni iliyopoteza mawimbi.

Kati ya hizo mbili kuna kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8, ambacho ni mara nne ya kile kidogo na bado huingia katika kamera ya mfukoni. Wauzaji hukiita kihisi cha inchi moja. Chukua rula yako uipime inchi moja: ni milimita 25.4. Hakuna upande wa kihisi hicho, hata ukipima kutoka pembe hadi pembe, unaofika inchi hiyo. Jina limerithiwa kutoka mirija ya kamera za televisheni za zamani, na hakuna aliyeona faida ya kulirekebisha. Kwa hiyo ukiuliza ukubwa wa kihisi, uliza kwa milimita.

Kisha uliza tundu la lenzi. Huandikwa kwa herufi f na namba, na hapa namba ndogo ndiyo yenye neema: lenzi ya f/2 huingiza nuru mara nane ya ile ya f/5.6. Nyumba zetu nyingi huangazwa usiku kwa taa moja ya dari. Kanisani na msikitini, ukumbini kwa arusi, bwenini siku ya kufunga shule, nuru ni chache na watu hawatulii. Lenzi yenye tundu dogo hulazimika kukaa wazi muda mrefu, mkono hutikisika, na uso wa bibi arusi hutoka kama umefutwa kwa kitambaa. Hapo megapikseli 20 zitakuonyesha ukungu huo huo kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi hasa, nalo halijaandikwa juu ya kasha lolote nililopata kuliona. Kamera ikiachwa iamue yenyewe hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, ukichanganya weupe na weusi wake, ni cha kijivujivu. Mwekee nyanya yako kiti barazani saa sita mchana, nyuma yake pakiwa na uwanja mweupe kwa jua. Kamera itashtushwa na weupe ule, itapunguza nuru, na nyanya atatoka kivuli kilichovaa leso. Ngozi yetu nyeusi haina kosa, na jua la ikweta halina kosa. Kamera haijui ulimpiga nani. Na hili ni la zamani: kwa miaka mingi kadi ambazo Kodak ilizipeleka katika maabara za picha ili mafundi wasawazishe rangi zilikuwa na uso wa mwanamke wa Kizungu peke yake, na nyuso nyingine zikafuata kipimo hicho zipende zisipende. Kwa hiyo tafuta kamera yenye kirungu au kitufe chepesi chenye alama za kujumlisha na kutoa, ili uiamuru iongeze nuru usoni. Kwangu mimi kitufe hicho chastahili kulipiwa zaidi ya megapikseli mia.

Najua nitakavyojibiwa. Mmoja atasema: vitone vingi huniruhusu kukata kipande cha picha na kukikuza. Ni kweli, na anayefuata ndege katika Ziwa Nakuru ana haki ya kudai vitone vingi. Lakini huyo si mpiga picha wa kila siku, naye hununua kihisi kikubwa na lenzi ndefu vya kuvibeba vitone hivyo. Kukuza kipande cha picha yenye chenga hukuza chenga. Kadhalika usihadaike na kamera inayojisifu kwamba huvuta kitu cha mbali mara nyingi. Uliza ni lenzi inayovuta, au ni hesabu tu ya kukata na kupanua.

Mwingine atasema: ikiwa kihisi kikubwa ndicho bora, nitanunua kamera kubwa kuliko zote. Huyu amekimbia shimo akaangukia kisima. Kamera nzito yenye lenzi kama kinu itabebwa wiki mbili, kisha italala kabatini pamoja na vyombo vya wageni. Mtoto hujifunza kutembea siku ambayo kamera haikutoka kabatini. Kwa mambo ya kila siku, kamera inayoingia mfukoni huishinda ile ya fahari, na simu nzuri uliyo nayo tayari huenda ikaishinda zote mbili. Ndiyo, simu ni kamera, nami sioni aibu kuisema. Ipime tu kwa mizani ile ile: kihisi, tundu la lenzi, na wepesi wa kuiamuru.

Wala usidharau kamera iliyotumika. Kamera ya miaka kumi iliyopita yenye megapikseli 16 na kihisi cha kadiri, ikiwa imetunzwa, itakushinda hoja mbele ya kamera mpya ya kihisi kidogo, na bei yake yaweza kuwa nafuu. Ikiwa imetoka Mombasa, Lamu au mahali popote pa unyevu, imulike lenzi kwa tochi utazame kama ndani hamna kuvu. Hutambaa juu ya kioo kama utando wa buibui na kumtoa ni kazi ya fundi.

Nenda dukani na kadi yako mwenyewe ya kumbukumbu. Muombe muuzaji asimame mlangoni, barabara yenye jua nyuma yake, umpige picha uso. Piga ya pili katika pembe ya duka iliyo na giza, bila taa ya kamera. Piga ya tatu ya mtu anayepita. Usizihukumu katika kioo kidogo cha kamera, kwa kuwa humo kila picha ni nzuri. Zipeleke mahali penye kompyuta, uzikuze, utafute chenga na ukungu, utazame kama uso wa muuzaji waonekana. Ukiridhika, rudi ununue, na ikiwa ni kamera ya zamani ununue na betri ya akiba siku iyo hiyo, maana betri za kamera nyingi huacha kuundwa mapema kuliko kamera zinavyochakaa.